Ukimpa mgeni jembe, mwonyeshe na mstari

Methali ya mgeni na jembe tunaijua sote tangu shule ya msingi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walimu wengi huifundisha kama onyo kwa mgeni: usile bure, usilale tu, nawe toa jasho lako. Nami kwa miaka mingi niliifundisha hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa. Mwaka jana, katika chumba kidogo cha kompyuta mjini Kitui, niligundua kwamba methali hii inamhusu mwenyeji pia. Hebu fikiri: jembe ni la nani? La mwenyeji. Shamba je? Lake. Yeye ndiye anayejua mpaka unapita wapi na mstari unaanzia wapi. Akimtupia mgeni jembe na kwenda zake, halafu jioni arudi kumfokea kwamba amelima pasipofaa, kosa ni la nani?

Nilikuwa nimealikwa kuwasaidia vijana kadhaa wa chuo wajifunze kuandika katika Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiandikia na kuirekebisha, bila kulipwa na bila kuomba ruhusa. Wengi walikuwa wa Kitui, wachache walitoka kaunti jirani ya Makueni. Mmoja wa hao wa Makueni, binti mtulivu, alichagua kuandika kuhusu bwawa la mchanga. Alilijua jambo hilo kwa mabega yake, kwani aliwahi kubeba mawe ya bwawa la kijijini kwao.

Aliandika aya nne safi. Alieleza kwamba ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto wa msimu. Mvua ikinyesha, mto huja na maji pamoja na mchanga. Mchanga hutua nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani yake, mahali ambapo jua haliwezi kuyafyonza kwa urahisi. Kiangazi kikifika, watu huchimba kisima kifupi mchangani na kuteka. Mahali fulani aliandika "silanga", kama tunavyosema huku kwetu. Akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, akatabasamu.

Kabla hatujamaliza chai, makala yake yalikuwa yamefutwa. Sababu iliyoachwa pale ilikuwa maneno mawili tu: "Hayana marejeo."

Yule binti akanigeukia. "Prof, niliyoyaandika si ya kweli?"

Nilikosa jibu la haraka. Nilimwambia ni ya kweli, tena ya kweli kabisa, lakini uso wake ulinionyesha kwamba jibu hilo halikumtosha. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta jibu bora, na kwa kuwa kazi yangu ni historia ya lugha, nimelitafuta huko nyuma. Swali la namna ya kumpokea mgeni katika kazi ya pamoja si geni hata kidogo katika Ukambani.

Tuanze na maneno yenyewe, maana safu hii ni ya lugha. "Wiki" ya Wikipedia si hii wiki ya siku saba tuliyoikopa kwa Waingereza. Mwaka 1995 Mmarekani aitwaye Ward Cunningham alitengeneza programu ya tovuti ambayo msomaji angeweza kuibadilisha papo hapo. Akaipa jina kwa neno la Kihawaii lenye maana ya haraka, alilolikuta kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu. Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Haraka, basi, imo ndani ya jina. Nasi tunajua wahenga walisema nini kuhusu haraka na baraka.

Waliolianzisha toleo la Kiswahili hawakuridhika kuita kazi yao "ensaiklopidia". Waliiita kamusi elezo huru. "Kamusi" limetoka katika Kiarabu, ambako awali lilimaanisha bahari kuu. Mwanachuoni Al-Fairuzabadi, aliyefariki mwaka 1415, aliipa kamusi yake jina hilo, na jina la kitabu kimoja likaishia kuwa jina la vitabu vyote vya aina ile. "Elezo" ni letu, limetokana na kueleza. Linalonivutia zaidi ni hilo "huru", likiwekwa kando ya kitufe cha "hariri" kilicho juu ya kila ukurasa. Maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na katika lugha hiyo kitenzi *harrara* kina maana ya kukomboa na pia maana ya kuandaa maandishi vizuri. Mwenye kuhariri, kwa asili ya neno, ni mtu anayeyafungua maandishi yatoke katika kasoro zake. Anayefuta kazi ya mgeni bila kumwambia neno ametumia kitufe, lakini sidhani kama amehariri.

Neno jingine la kupendeza ni "mbegu". Katika Wikipedia ya Kiswahili, makala mafupi ambayo hayajakomaa huitwa hivyo, na msomaji huombwa ayaongezee habari. Maeneo mengi ya nchi hii yana makala ya mistari miwili au mitatu tu, yenye alama hiyo ya mbegu. Mbegu zipo. Kinachosubiriwa ni wakulima, na wakulima hao ni wageni.

Sasa turudi nyuma hadi mwaka 1849, hapa hapa Kitui.

Mwaka huo mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa na makao Rabai karibu na Mombasa, alifunga safari kuja Ukambani. Aliyempokea Kitui alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika hadi pwani. Wakamba wa zama hizo walikuwa mabingwa wa biashara ya masafa marefu, na nyumba ya Kivoi ilizoea wageni. Kivoi ndiye aliyemsimulia Krapf habari za mlima mkubwa wenye weupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849, mawingu yalipofunguka, Krapf akauona kwa mbali kutoka Kitui. Jina la mlima aliliandika kama alivyolisikia kwa wenyeji wake, kwa tahajia zaidi ya moja, ikiwemo Kenia na Kegnia. Jina hilo ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu. Huko Ulaya baadhi ya wasomi walimcheka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Mwaka uliofuata, 1850, Krapf alichapisha orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki. Kikamba kimo humo, ubavuni mwa Kiswahili. Aliporudi Ukambani mwaka 1851, msafara aliokuwemo pamoja na Kivoi ulishambuliwa karibu na Mto Tana. Kivoi akauawa, Krapf akaponea chupuchupu. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Naikumbusha habari hii kwa sababu moja. Katika Kitui ya mwaka 1849, mwenye kalamu alikuwa mgeni na mwenye maarifa alikuwa mwenyeji. Krapf hakuwa na kitabu cha kumthibitishia kwamba mlima upo. Kivoi ndiye aliyekuwa marejeo yake. Alilishwa, alilazwa, alionyeshwa njia, na makosa yake ya mgeni yalivumiliwa. Bila ukarimu huo asingeandika chochote.

Leo mambo yamepinduka. Yule binti wa Makueni ndiye mwenye maarifa, lakini katika Wikipedia yeye ni mgeni. Mwenyeji ni yule aliyezoea kalamu ya humo: anayejua kanuni, anayejua vitufe, aliyepewa na jumuiya mamlaka ya kufuta. Mwenyeji huyu anaweza kuwa Dodoma, Mombasa au Ulaya, na huenda hajawahi kuona bwawa la mchanga maishani mwake. Ana zamu yake ya kumpokea mgeni, kama Kivoi alivyokuwa na yake.

Lakini msomaji makini ataniuliza: Profesa, je, kila kinachoandikwa kiachwe tu kwa sababu mwandishi ni mgeni? La hasha. Hapo ndipo historia nyingine ya huku kwetu inapotufaa, historia ya matuta.

Kaunti ya Makueni tunayoijua leo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992. Katika miaka ya 1930 wilaya hiyo ilikuwa imechoka. Udongo ulikuwa umemomonyoka, makorongo yamefunguka, na maofisa wa kikoloni walikuwa wakiandika ripoti za kutisha kuihusu. Dawa yao ya kwanza ilikuwa amri. Mwaka 1938 serikali iliamua kupunguza mifugo kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba waliandamana hadi Nairobi kudai ng'ombe wao, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Baadaye ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta. Watu walichimba kwa sababu chifu alikuwa akitazama. Si ajabu kwamba uhuru ulipokaribia, matuta mengi ya namna hiyo yaliachwa yabomoke. Hayakuwa ya watu. Yalikuwa ya serikali.

Kilichookoa vilima vile kilikuwa mwethya. Kwa wasiojua Kikamba, mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa pamoja. Kwa desturi ya zamani, familia iliyokuwa na kazi kubwa, kama kujenga nyumba au kusafisha shamba, iliwaita watu wa utui, yaani wa mtaa wake, ikawapa chakula na kinywaji. Kazi ikiisha, kila mtu kwao. Kuanzia miaka ya 1950 vikundi hivi vilianza kuwa vya kudumu. Vilichagua viongozi wao wenyewe, wengi wakiwa wanawake, vikachagua pia aina ya matuta waliyoyataka. Baada ya uhuru watu waliendelea, safari hii bila chifu kuwasimamia. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu wilaya hiyo ya zamani ya Machakos. Walionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, huku mmomonyoko ukipungua. Wataalamu wengi wa dunia walikuwa wakitarajia kinyume chake.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya mwethya. Mama alikuwa mwanachama, nami nilimfuata nikiwa mtoto wa kubeba maji. Nakumbuka namna mgeni alivyopokewa, mara nyingi mke aliyeolewa karibuni kutoka kijiji cha mbali. Hakuwekwa mwishoni mwa mstari peke yake. Aliwekwa katikati ya wawili wenye uzoefu. Mstari wenyewe ulikuwa umeshapimwa kwa kamba kabla hajafika. Tuta la kwetu ni lile la kuchimba mtaro na kuurusha udongo upande wa juu wa mteremko. Mgeni akisahau akaurusha chini, jirani yake alisema tu, "Fanya juu, mwaitu," akimwita mama kwa heshima ya Kikamba. Kisha alimwonyesha kwa jembe lake mwenyewe, wimbo ukiendelea. Saa sita kila mtu alikula muthokoi kutoka sufuria moja.

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, mgeni alisahihishwa. Hakuna aliyemwacha arushe udongo chini ati kwa kumwonea haya, kwa maana tuta bovu likipasuka mvua ya kwanza, huharibu na mashamba yote ya chini yake. Pili, alisahihishwa jembe likiwa bado mkononi, na mtu aliyesimama kando yake, kwa kitendo anachoweza kukiiga. Hayo maneno "fanya juu" baadaye yaliingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo, na leo mwanafunzi wa kilimo wa bara jingine hujifunza tuta la "fanya juu" bila kujua kwamba anatamka Kiswahili. Dunia ilichukua jina la tuta. Ningependa ichukue pia ule utaratibu wa kumfundisha mgeni.

Wikipedia yenyewe imelipia somo hili. Tangu miaka yake ya awali, jumuiya ya Wikipedia ya Kiingereza ilijiwekea mwongozo unaowasihi wazoefu wasiwaume wageni. Neno lililotumika ni hilo, kuuma, kama mbwa wa lango. Lakini kazi ilipopanuka na waharibifu walipoongezeka, wazoefu walijitengenezea programu za kukagua na kufuta kwa kasi. Programu hizo ziliwashika waharibifu, na pamoja nao zikawakumba wageni wema waliokosea kidogo. Mwaka 2007 Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa na wahariri hai zaidi ya 50,000 kwa mwezi. Kufikia 2013 walikuwa wamebaki kama 31,000. Mwaka huo huo Aaron Halfaker na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha chanzo kimojawapo: wageni wenye nia njema walikuwa wakifutiwa kazi yao ya kwanza zaidi kuliko zamani, na aliyefutiwa hivyo alikuwa na uwezekano mdogo wa kurudi.

Dawa zilizotafutwa baadaye zinanikumbusha ule mstari wa mwethya. Mwaka 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilifungua ukurasa ulioitwa nyumba ya chai, mahali pa mgeni kuuliza swali lolote na kujibiwa kwa upole. Kuanzia 2018 shirika la Wikimedia Foundation lilianza kutengeneza ukurasa maalumu wa mgeni. Humo hupewa kazi ndogo ndogo za kuanzia, kama kurekebisha tahajia au kuongeza kiungo, pamoja na jina la mlezi anayeweza kumuuliza. Wakamba wangesema: mpeni nafasi katikati ya wawili.

Na huku kwetu Afrika Mashariki? Wikipedia ya Kiswahili ilianza na watu wachache sana, miongoni mwao mwanablogu Mtanzania Ndesanjo Macha. Kisha mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya eneo hili, wenye kuandika makala bora wapate zawadi. Mamia ya wanafunzi walijitokeza na mamia ya makala yakaandikwa kwa muda mfupi. Lilikuwa jambo jema, na baadhi ya makala hayo bado yapo. Lakini shindano lilipokwisha mwanzoni mwa 2010, wengi wa walioyaandika hawakuonekana tena, na makala yenye kasoro yakabaki mikononi mwa wenyeji wachache wayasafishe.

Wajenzi wa mabwawa ya mchanga wa Kitui wanalijua tatizo hili. Shirika la SASOL, lililoanza kazi Kitui miaka ya 1990, limesaidia wanakijiji kujenga mamia ya mabwawa hayo. Kanuni mojawapo ya ujenzi ni kutokuwa na pupa ya kupandisha ukuta. Ukiupandisha mrefu kwa mara moja mahali pasipofaa, maji hutulia nyuma yake na tope laini likatua, na tope halitoi maji. Ukiupandisha kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, tope hupita juu na mchanga mzito hubaki. Shindano lilikuwa mafuriko ya msimu mmoja. Wageni wanaobaki hupatikana pole pole.

Leo kuna vikundi vinavyofanya kazi hiyo ya pole pole. Kenya ina kikundi chake cha wanawikimedia, na Tanzania kuna kikundi cha Jenga Wikipedia ya Kiswahili. Mwezi Agosti 2025 mkutano wa kila mwaka wa wanawikimedia wa dunia, Wikimania, ulifanyika Nairobi. Niliufuatilia kwa furaha. Hata hivyo, kutoka ukumbi wa mikutano Nairobi hadi yule binti wa Makueni anayenunua bando la siku moja, safari bado ni ndefu.

Niwe mkweli sasa. Siku ile Kitui, aliyekosea wa kwanza nilikuwa mimi. Niliwafundisha vijana vitufe kwa saa mbili, lakini kanuni ya marejeo niliitaja mara moja tu, tena mwishoni. Niliwapa jembe, sikuwaonyesha mstari. Aliyefuta alikuwa na haki ya kudai marejeo, kwa sababu bila kanuni hiyo kamusi elezo ingejaa porojo. Alichokosa ni kusimama kando ya mgeni. Maneno mawili yake yangekuwa sentensi tatu: karibu, mada yako ni nzuri, tunahitaji kitabu au utafiti unaothibitisha haya, jaribu kutafuta mahali fulani, nami nitakusaidia kuyaweka. Sentensi tatu huchukua dakika moja.

Nililiona hilo kwa macho yangu wiki mbili baadaye. Tuliketi tena, yule binti na mimi, tukatafuta maandishi yaliyochapishwa kuhusu mabwawa ya mchanga, nayo yapo, tena mengi yakihusu Kitui hii hii. Akaandika upya. Safari hii mhariri mwingine, Mtanzania kwa lugha yake, alimwachia ujumbe kwenye ukurasa wa majadiliano: "Karibu sana dada. Nimeweka sawa marejeo yako mawili, tazama nilivyofanya ili utumie mtindo huo. Hilo 'silanga' sisi huku hatulifahamu. Je, ni sawa na bwawa?" Binti akamjibu kwamba hutumika Kenya kwa bwawa au dimbwi la kukinga maji. Wakakubaliana: "bwawa la mchanga" libaki kama kichwa, na "silanga" litajwe ndani kama neno la Kenya. Mpaka naandika haya, makala yale bado yapo.

Mazungumzo yale madogo yalinigusa kuliko nilivyotarajia. Kiswahili sanifu chetu kilijengwa kwa njia tofauti. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo manne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa wakurugenzi wa elimu na watu wengine waliowakilisha serikali na wamishonari. Kamati ilikagua miswada ya vitabu vya shule na kuamua kipi kinafaa. Ilifanya kazi kubwa ambayo mimi mwenyewe nimekula matunda yake. Lakini Mkamba aliyeandika "silanga" hakuwa na ukurasa wa majadiliano. Neno lake lilikatwa, basi. Binti wa Makueni ameulizwa maana ya neno lake na mtu wa nchi nyingine, akajibu, na jibu lake likaandikwa. Kwa mtu wa rika langu, aliyechapwa shuleni kwa Kiswahili cha bara, hilo si jambo dogo.

Linabaki deni moja, nalo ni letu sisi maprofesa. Wakati tukitafuta marejeo, yule binti aliniuliza kuhusu namna bibi yake anavyotambua, kwa miti na kwa mawe, mahali ambapo mto una maji chini ya mchanga. Anayajua yote hayo, lakini hatukuyakuta katika kitabu chochote, kwa hiyo hawezi kuyaandika. Nilimwambia ukweli: kanuni inamzuia, na kanuni hiyo haiwezi kulegezwa kwa ajili yake peke yake. Kisha nikajiona nikiinamisha kichwa. Ni nani aliyepaswa kumrekodi bibi huyo na kuchapisha utafiti wake, kwa Kiswahili, mahali ambapo mjukuu anaweza kuurejelea? Tasnifu tunazosimamia zimejaa maarifa ya vijiji vya Mwingi, Mutomo, Mbooni na Kibwezi, nyingi zikiwa kwa Kiingereza, zikilala kwenye rafu zenye vumbi. Mwenyeji mwenye ghala lililofungwa hana haki ya kumlaumu mgeni kwamba amekuja mikono mitupu.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule binti, lililochelewa, ni hili: hukukosea. Uliyoyaandika ni ya kweli, na ukweli nao unahitaji shahidi. Kazi ya kukutafutia shahidi huyo ilikuwa yetu sisi tuliokutangulia shambani. Mhariri mzoefu anayesoma safu hii, unapokutana kesho na makala ya mgeni yenye kasoro, kabla hujabonyeza kufuta, mwandikie sentensi tatu. Na mwalimu mwenzangu wa chuo, tafuta tasnifu moja nzuri ya mwanafunzi wako, uitoe kwenye rafu.

Likizo ya Desemba nitakwenda Makueni. Nimeomba ruhusa ya kuketi na yule bibi, na daftari langu liko tayari. Safari hii mgeni nitakuwa mimi, na natumaini siku ya tatu atanipa jembe.